Bilioni iliyo kwenye karatasi

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya ukurasa wa michezo kuhusu timu za hoki ya barafuni za Amerika Kaskazini nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Nawashukuru kwa kuuandika mchezo huu, maana magazeti yetu huugusa mara chache. Ila mmeandika kwamba Maple Leafs ya Toronto "inaingiza" dola bilioni 3.8, na kwamba timu ya Arizona ilihamishwa kwa sababu "haikuwa na thamani". Maneno hayo mawili yamenikaa kooni, na nimeona nisinyamaze.

Naishi Winnipeg, Kanada, tangu 2010, na kazi yangu ya usiku ni usafi katika uwanja wa timu ya Jets. Mechi ikiisha na watu wakishatoka, tunaanzia safu za juu kabisa tukishuka. Mmoja anatangulia na mashine ya kupuliza upepo mgongoni, sisi wengine tunamfuata na mifagio na mifuko, na vikombe na bisi vinasukumwa ngazi kwa ngazi hadi chini karibu na barafu. Uchumi wa hoki niliujua kwa miguu kabla ya kuusoma popote. Safu waliyokaa watu inanata: bia na soda zimemwagika, na kila ukinyanyua mguu soli inaachia sakafu kwa sauti. Safu ambayo haikukaliwa ni kavu, unapita kama uko sebuleni kwako. Msimu wa 2023/24 nilipita safu kavu nyingi mno. Februari 2024 uongozi wenyewe ukasema hadharani kwamba tiketi za msimu zimeshuka kutoka takriban 13,000 hadi karibu 9,500, katika uwanja wenye viti 15,325, ambao ni miongoni mwa viwanja vidogo kabisa katika NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini. Niliposoma hayo sikushangaa. Nilishayajua kwa viatu.

Kiti kitupu katika hoki kinauma kuliko katika michezo mingine mikubwa ya huku. Ligi ya mpira wa miguu ya Kimarekani inaishi kwa fedha za televisheni. Uwanja ukiwa nusu, mmiliki bado analala usingizi. Hoki hutegemea sana mlango: tiketi, na anachokula na kunywa mtu akishaketi. Kiti kisipokaliwa leo hakiuzwi kesho.

Sasa njoo Arizona. Timu ile ilitoka hapahapa Winnipeg. Ni Jets ya kwanza, iliyoondoka 1996 kwenda Phoenix, Arizona. Mwaka 2009 ilikuwa mahakamani kwa kufilisika, hadi ligi yenyewe ikainunua kwa dola milioni 140 ili isizame. Baadaye mji wa Glendale ulikataa kuiongezea mkataba wa uwanja, na kuanzia 2022 ikawa inachezea uwanja wa chuo kikuu wenye viti visivyofika 5,000. Mei 2023 wapiga kura wa mji wa Tempe, hukohuko Arizona, wakaukataa mradi wa kuijengea uwanja mpya. Kwa hesabu yoyote ya mapato, hiyo ni timu iliyokuwa hoi. Lakini Aprili 2024 tajiri Ryan Smith wa jimbo la Utah akatoa dola bilioni 1.2 kuichukua! Bilioni 1 ikaenda kwa mwenye timu wa Arizona, na milioni 200 zikabaki kwa ligi.

Kwa hiyo mlipoandika kwamba timu ile haikuwa na thamani, mliigeuza habari kichwa chini. Kilichokosekana Arizona ni mapato. Thamani ilikuwepo, tena ilikuwa inapanda wakati viti vinakauka.

Inawezekanaje? Kwa sababu Smith hakununua faida ya Arizona. Alinunua kiti cha aina nyingine kabisa, kile cha kwenye meza ya ligi. Viti hivyo ni 32 tu. Huwezi kuanzisha timu yako, ukashinda madaraja ya chini ukapanda hadi NHL; hakuna kupanda wala kushuka daraja. Unasubiri ligi ifungue mlango, au unasubiri mwenzako auze. Na wanaoamua kuufungua mlango ndio haohao walioketi ndani, ambao kila ukifunguliwa wanagawana ada ya anayeingia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 San Jose, Ottawa na Tampa Bay ziliingia kwa dola milioni 50 kila moja. Nashville, Atlanta, Columbus na Minnesota zilizofuata zililipa milioni 80. Las Vegas ikalipa milioni 500, Seattle milioni 650. Kila ada mpya inazipandisha bei timu za zamani usiku mmoja, hata ile iliyofungwa mabao saba jana. Tena ada hizo wachezaji hawazigusi, kwa kuwa hazihesabiwi katika mapato wanayogawana na wamiliki nusu kwa nusu.

Hapo kwenye kugawana mapato ningependa mwandishi wenu arudi siku moja akae napo, maana ndiko kulikobadilika kila kitu. Msimu wa 2004/05 haukuchezwa kabisa. Wamiliki walifunga viwanja, na Kombe la Stanley, lile la bingwa wa NHL, halikutolewa, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu janga la homa ya mafua lilipokatiza fainali za 1919. Walichokitaka wakakipata: ukomo wa mishahara, yaani jumla ambayo timu hairuhusiwi kuipita katika kuwalipa wachezaji wake. Ulianza kwa dola milioni 39 kwa timu, na msimu wa 2025/26 ulifika milioni 95.5. Watu husoma tarakimu hiyo wakadhani gharama zimelipuka. Kwa mwenye timu ni kinyume chake. Mishahara ikifungwa kwenye mapato ya ligi nzima, mmiliki anaijua bili yake kubwa kuliko zote kabla msimu haujaanza, na hakuna tajiri wa jirani atakayemlazimisha aipite. Mwekezaji anapenda kitu ambacho gharama yake imefungwa kamba. Ottawa ilikuwa imefilisika 2003 ikanunuliwa, pamoja na uwanja wake, kwa takriban dola milioni 92 za Marekani. Mwaka 2023 iliuzwa kwa milioni 950. Katika miaka hiyo 20 haikuchukua Kombe hata mara moja.

Toronto nayo ni hivyohivyo. Hizo bilioni 3.8 ni makadirio ya jarida la Forbes ya mwaka 2024, yaani bei ambayo walidhani mnunuzi angeitoa wakati ule. Hazimo benki. Mwenye timu hawezi kumlipa golikipa wala mpiga deki kwa bilioni ya namna hiyo mpaka auze, au aende nayo kukopa. Ni kama kusema mtu "anaingiza" nyumba yake kila mwaka. Forbes hiyohiyo mwaka ule haikuikadiria timu hata moja chini ya bilioni 1. Na Toronto, iliyo juu kuliko zote, mara ya mwisho kubeba Kombe ilikuwa 1967, kwa hiyo bei hii msiifungamanishe na ushindi pia.

Mtaniuliza, mpiga deki haya yanakuhusu nini. Yananihusu kwa sababu naishi katika mji ambao timu yake imeshawahi kupakiwa ikaondoka. Wenyeji wa hapa wananisimulia 1996 kama watu wanavyosimulia msiba. Wakati ule dola ya Kanada ilikuwa imeshuka, tiketi zinauzwa kwa dola ya Kanada, na wachezaji wanalipwa kwa dola ya Marekani; mji mdogo haukuweza kuvumilia. Mwaka mmoja kabla, Quebec ilikuwa imeipoteza yake, ikaenda Colorado, na ikanyakua Kombe msimu uleule wa kwanza ugenini. Quebec wakaja kujenga uwanja mpya wa fedha za umma, ukafunguliwa 2015 na viti zaidi ya 18,000. Mpaka leo hakuna timu ya NHL iliyoingia humo.

Mei 2011, tuliposikia timu ya Atlanta inahamia kwetu, ndiyo Jets hii ya sasa, mimi sikuwa najua hata sheria za mchezo. Niliteremka kwenye basi nikakuta watu wazima wanalia barabarani kwa furaha, mzee mmoja amevaa jezi ya zamani iliyombana tumbo. Tiketi za msimu zilizofunguliwa kwa umma ziliisha kwa dakika 17. Bei ya timu ilikuwa dola milioni 170: 110 za timu na 60 za ligi kwa ruhusa ya kuhama. Weka hiyo 170 kando ya bilioni 1.2 ya Utah, kisha ukumbuke msimu ule wa safu kavu. Viongozi wa hapa hawajatishia kuuza, na sitawasingizia. Lakini usiku nikiwa na mfagio nilikuwa naifanya hesabu hiyo, na wenzangu pia, kwa sauti ya chini. Thamani inayowafurahisha wenye timu ndiyo inayoutia mji mdogo hofu: kadiri kiti cha mezani kinavyopanda bei, ndivyo hasara ya viti vya uwanjani inavyozidi kuwa sababu ya kuuza.

Msimu wa 2024/25 Jets ilimaliza ya kwanza katika ligi nzima kwa pointi. Sakafu ikaanza kunata tena hadi juu. Nilichoka, na nilishukuru.

Ninachowaomba ni kidogo. Mnapoandika fedha za timu, wekeni mapato mbali, faida mbali na thamani mbali, na mtaje nani amekadiria. Msomaji akiona "timu ya bilioni" atajiuliza kwa nini basi mji uombwe uwanja na shabiki apandishiwe tiketi, na ana haki ya kupata jibu kwenu.

Na kuna la kusahihisha. Mmeandika kwamba kampuni ya mawasiliano ya Rogers iliinunua Maple Leafs kwa dola bilioni 4.7 za Marekani. Ni bilioni 4.7 za Kanada, na hazikununua Leafs peke yake. Zilinunua asilimia 37.5, hisa za Bell, kampuni nyingine ya mawasiliano, katika kampuni inayomiliki Leafs, Raptors ya mpira wa kikapu, Toronto FC ya soka na Argonauts ya mpira wa miguu wa Kikanada kwa pamoja.

Msomaji wenu,
Winnipeg, Kanada