Barua kwa mwanangu: Sultani si Sultani

Malindi, Jumapili usiku

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako zimefika, na baba yako anaitikia, ingawa amelala zamani na redio iko kifuani. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unauliza mambo matatu kwa pumzi moja, kisha salio linakwisha kabla sijajibu hata moja. Na hili la picha sikutaka kulijibu kwa ujumbe wa mstari mmoja ukadhani nimenuna.

Uliomba tukupigie picha mdogo wako amembeba Sultani, kobe wetu, kifuani, uwaonyeshe wenzio huko Eldoret. Sikupiga, na sitapiga. Kobe ukimnyanyua anajua jambo moja tu, kwamba ameshikwa na kitu kinachotaka kumla. Hapo hukojoa. Watu hucheka, eti kamchafua fulani kanzu. Mkojo ule ndio mtungi wake. Kobe huweka maji kibofuni akayarudisha mwilini siku za ukame, na akiyamwaga katikati ya kaskazi hana pa kuyapata mengine upesi. Kwa hiyo hapa nyumbani habebwi ila kwa haja, na akibebwa ni kwa mikono miwili, karibu na ardhi, amelala sawa kama sinia la pilau.

Siku ulipomshusha kwenye tuktuk, ndani ya gunia la mkaa, dereva akikudai nauli ya abiria wa pili, mimi nilikasirika na sikukwambia. Nilidhani umemnunua kwa vijana wa barabarani. Kununua si kuokoa. Aliyeuza leo kesho ataingia porini kuchukua mwingine. Ulipoapa kwamba ni askari wa lile jumba aliyekuita umchukue, na kwamba mwenye jumba amerudi kwao Italia na hajulikani atarudi lini, ndipo moyo ulipotulia. Kisha nikaliona tundu.

Wewe uliondoka asubuhi yake kuwahi basi, hukuliona vizuri. Lilikuwa ukingoni mwa gamba, nyuma kulia, limetobolewa kwa keekee na waya ukapitishwa, akafungwa kwenye mti miaka sijui mingapi. Watu hudhani gamba ni kama koti, kobe ameingia tu ndani yake. Gamba ni mifupa. Mbavu na uti wa mgongo vimeungana nalo, na juu yake ndipo pana tabaka la kitu kile kile cha kucha zetu. Lina damu na lina hisia. Waya ulikuwa umelila tundu mpaka likawa pana kama kidole changu cha shahada, na ndani mlikuwa na funza. Niliketi kibarazani na taa ya simu, maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na kibanio cha nyusi cha dada yako (usimwambie). Nilitoa kumi na mmoja. Yeye amejivuta ndani, ila kila nilipogusa mahali pabaya alitoa ile pumzi ya *hsss*, nami nikawa namwomba radhi kama ninayemtoa mtoto mwiba.

Asubuhi nikaenda duka la dawa za mifugo. Kijana wa kule, mwema sana, akanipa chupa ya ivamektini: “Mama, hii inaua kupe, inaua minyoo, inaua kila kitu.” Bahati nilimpigia kwanza daktari wa mifugo aliyetutibia mbuzi mwaka ule. Akaniambia niirudishe chupa mezani na nisiiguse tena. Dawa hiyo, ya ng'ombe na mbuzi kila siku, humpooza kobe na kumuua. Kweli ile chupa ingeua kila kitu! Kupe waliokuwa mikunjoni mwa miguu niliwatoa mmoja mmoja kwa kibanio, na tundu nikaliosha kwa ayodini iliyozimuliwa mpaka likakauka. Halizibi. Litabaki vile vile, lakini ni kavu na halinuki.

Ile rangi ya kijani waliyompaka mgongoni, usije ukaleta petroli wala tina kuiondoa. Yanaingia mwilini. Inabanduka yenyewe kidogo kidogo, na chini yake madoa yake ya chui yameanza kuonekana.

Sasa chakula. Askari alikwambia alikuwa akila “kila kitu cha jikoni”. Jikoni kwa Mtaliano ni nini? Spageti. Wahenga walisema usimwone kobe kainama, anatunga sheria. Huyu wetu wiki mbili za kwanza alikuwa kainama anatafuta tambi. Alikuwa akija mpaka mlango wa jiko akingoja, na nilipomwekea majani aliyapita kama hayapo. Mdomo wake ulikuwa umerefuka ukapinda kama wa kasuku, kwa kukosa kitu cha kukwaruza. Na yale matuta mgongoni, kila kigae kimeinuka kama kilima, uliyoyasifu eti anapendeza, ni alama ya kulelewa vibaya angali anakua: chakula kisichomfaa na ukavu. Hayarudi chini. Kilichobaki ni kumlisha sawa kuanzia sasa.

Kobe wa aina hii ni mla nyasi, karibu kama ng'ombe. Ukoka wa uani ndio ugali wake, na mboga ni mchunga, matembele, majani na maua ya haibiskasi, na mpungate uliochomwa miiba motoni. Mchicha na spinachi nampa kwa nadra, maana vina kitu kinachoshika chokaa mwilini isifike kwenye mfupa. Papai alionja siku ya Idi, kipande kama kiganja. Matunda mengi humharibu tumbo. Mkate, wali, nyama, mabaki, hakuna tena. Mdogo wako nimemkamata mara mbili na mandazi mfukoni.

Chokaa yenyewe tunaokota bure. Kusi likivuma, pwani hutupa ile mifupa myeupe ya ngisi, myepesi kama povu. Naiosha chumvi, naianika, namwekea mmoja karibu na kibanda. Siku kadhaa haugusi, kisha siku moja unasikia *kru, kru* kama mtu anatafuna chaki, na ule mdomo wa kasuku umeanza kufupika wenyewe. Kule porini wenziwe hutafuna mifupa ya wanyama waliokufa kwa haja hiyo hiyo. Jua analipata, na bila jua chokaa hiyo haimfai kitu. Ulaya humnunulia kobe taa maalumu ya umeme. Sisi shida yetu ni kivuli.

Lile sinia la bati lililobanduka rangi nimelizika, ukingo uwe sawa na udongo, maji yasimpite kidevu. Beseni angetumbukia, na akipinduka chali juani anaweza kufa: joto linamkaanga na mapafu, ambayo kwake yako juu chini ya gamba, yanalemewa na matumbo. Nenda ukamtazame akinywa utakapokuja. Huingiza miguu ya mbele, huzamisha uso wote mpaka macho, kisha hutulia, nawe unaona ngozi ya koo tu ikipanda na kushuka, polepole, kama mtu anayemeza kidonge kikubwa. Akimaliza mara nyingi huacha kitu cheupe majini. Usiogope. Kikiwa laini kama dawa ya meno, maji anayo ya kutosha. Kikiwa na chembechembe za mchanga, ana kiu. Mimi siku hizi nakichunguza kinyesi cha kobe kuliko nilivyochunguza chenu nyote.

Na mikono ioshwe kwa sabuni kila akiguswa yeye au sinia lake. Kobe mzima kabisa anaweza kubeba salmonela, vile vijidudu vya kuharisha, na mtoto wa dada yako hajafika hata miaka mitatu.

Ule wavu wa kuku uliouweka nimeutoa. Kobe akiona upande wa pili anaamini kuna njia, atasukuma kutwa mpaka achubuke. Baba yako amezungusha mawe ya matumbawe, kimo cha goti, na kwa kuwa haoni ng'ambo hana haja nayo.

Uliuliza mara mbili kwa nini tusimpeleke porini Galana tukamwachie huru. Nami nilifikiri hivyo. Lakini kobe aliyekaa miaka na watu na mbwa na kuku anaweza kubeba maradhi, mafua ya kobe hasa, akayapeleka kwa wenziwe wa porini. Na pia si wetu wa kuamua. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haitaki mchezo: mnyama wa porini hakai nyumbani kwa mtu bila kibali. Nilikwenda KWS, shirika la serikali la wanyamapori, mwenyewe kabla jirani hajanitangulia. Walikuja, wakampima, wakaniuliza maswali mengi kuliko niliyoulizwa na wazazi wa baba yako wakati wa posa. Kwa sasa yuko kwetu kwa karatasi, na siku wakimtaka ni wao.

Umeniandikia pia, “Amenizoea? Akisikia sauti yangu kwenye simu anageuka?” Hapana, baba. Anageuka akisikia kisu cha kukatia matembele. Najua ulitaka hadithi kama ya Owen na Mzee. Ulikuwa na miezi mitatu tsunami ilipokuja, Desemba 2004, na mji mzima ulikuwa ufukweni kumtazama yule mtoto wa kiboko aliyetupwa na mto Sabaki akakwama baharini. Wakamtoa kwa nyavu, wakampeleka Bamburi, naye huko akamkimbilia Mzee, kobe mkubwa wa visiwa vya Aldabra, wa miaka kama 130, na kujificha nyuma yake. Dunia nzima ikalia kwa mapenzi. Mimi siku hizi namfikiria kobe. Mwanzoni alimfukuza kwa pumzi na kuondoka zake, kiboko akamfuata. Hakuna aliyemuuliza mzee wa watu kama alitaka mtoto wa kulea.

Babu yako alipenda kutusomea ile hadithi ya Mtume, ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie mwenyewe. Nilipokuwa mdogo nilisikia “hakumlisha” tu. Tangu tundu lile nasikia ile sehemu ya pili.

Sasa habari yenyewe, ambayo nimeiweka mwisho makusudi ili usome yote.

Wiki mbili zilizopita Sultani aliacha kula. Akawa anazunguka ukuta, ananusa udongo, anakwenda, anarudi. Nilidhani ni ugonjwa. Nikamtazama puani kama kuna mapovu, hakuna. Ijumaa baada ya alasiri, mvua ya asubuhi imelainisha ardhi, nikamkuta chini ya mwarobaini amegeuzia mti mgongo. Anachimba kwa miguu ya nyuma, mmoja, kisha mwingine, bila kutazama nyuma hata mara moja. Udongo ulipogoma akaumwagia mkojo. Ule ule ninaoulinda mwaka mzima, mwanangu, alikuwa na kazi nao. Nikaketi juu ya ndoo, kazi zangu zikalala.

Yai la kwanza lilitoka karibu na magharibi. Jeupe, la mviringo kabisa kama mpira wa tenisi ya meza. Mguu wa nyuma ukalipokea, ukalishusha shimoni taratibu kama mtu anayeweka gilasi ya mtu mwingine. Tisa. Kisha akafukia, akawa anajiinua na kujiachia, tumbo likigonga udongo *pu, pu*, mpaka ukawa sawa na wa pembeni. Adhana ya isha ilipokwisha alikuwa amekwenda zake kibandani, na mahali penyewe ungepita juu bila kujua.

Kumbe kila mwezi tulipomweka kwenye mizani ya muuza mchele, lile tumbo bapa lilikuwa mbele ya macho yetu. La dume hubonyea, na mkia wake huwa mrefu. Kilo kumi na moja tulizisoma, jike hatukulisoma. Mdogo wako sasa anamwita Bi Sultani, baba yako amekataa kubadili.

Kama mayai yana kitu ndani, sijui. Jike huweza kuweka mbegu ya dume mwilini miaka, na huweza pia kutaga matupu. Sikuyachimbua, wala wewe usiyachimbue; yai la kobe halipinduliwi kama la kuku, kilichomo hushikamana upande wa juu na ukiligeuza kinakufa. KWS nimewaarifu. Nimeweka matawi ya miiba juu kwa ajili ya kenge na nguchiro, na mawe kuzunguka. Huchukua miezi minane, hata mwaka na zaidi, kwa hiyo ukija Desemba hutaona ila udongo.

Baiskeli yako nimeihamisha. Ilikuwa imeegemea mwarobaini, hatua mbili kutoka shimoni. Iko kwa shangazi yako Maweni, na pancha ya nyuma bado haijazibwa.

Mama yako