Barua kwa wanangu mnaosoma Marekani: polisi wa chuo akikuita

Wanangu,

Tuliwalea kwa methali ambayo leo nataka tuiangalie upya: kataa neno, usikatae wito. Mkubwa akikuita unaitika, unakwenda, unasikiliza. Sijutii kuwalea hivyo. Lakini nimeishi Marekani miaka mingi, na nimeona adabu hiyohiyo ikiwaponza watoto wetu mbele ya polisi wa chuo.

Mjue kwanza anayewaita ni nani. Si mlinzi wa getini kama wa vyuo vya nyumbani. Chuo Kikuu cha Yale kilianza kuwa na polisi wake mwaka 1894, na leo vyuo vingi vikubwa vina askari kamili wenye bastola, pingu na mamlaka ya kukamata. Maelezo yako kwao yanaweza kuishia mezani kwa mwendesha mashtaka. Naye askari atakupigia kwa sauti ya upole: pita ofisini tuongee kidogo, hakuna tatizo.

Mpwa wangu aliitwa hivyo. Kompyuta ya mwenzake wa chumba ilikuwa imepotea. Akaenda peke yake, kavaa shati lake la kanisani, akakaa saa nzima. Kila askari alipoeleza jinsi mwenzake alivyohangaika, kijana alitaka kusema "pole". Nanyi mnajua, neno la Kiingereza tunalotumia kwa pole ndilo hilohilo la kuomba msamaha. Askari akimaliza sentensi, yeye anaitikia "ndiyo, ndiyo", ile ee yetu ya kumwonyesha mtu kwamba unamfuata. Macho kayainamisha, kwa heshima. Ripoti niliisoma mwenyewe baadaye: ameomba radhi mara kadhaa, amekubali, amekwepa kutazama. Mtoto hakuwa amechukua kitu. Kompyuta ilikuja kupatikana kwa mtu mwingine kabisa.

Kwa hiyo nasema: huko, hata wito unaweza kukataliwa, kama hauna amri ya mahakama, mradi uukatae kwa adabu. "Asante afande, nitazungumza na wakili kwanza." Jina lako litaje, kitambulisho cha chuo kitoe ukiombwa. Kisha uliza kama uko huru kuondoka. Ukiambiwa ndiyo, aga uende zako. Ukiambiwa hapana, usikimbie wala usibishane. Sema: "Nataka wakili. Sitajibu maswali bila wakili." Halafu unyamaze kweli, hata wakikuletea maji na kuanza kukuuliza habari za mpira.

Msinyamaze tu bila kutamka hivyo. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mtu wa Texas aliyekuwa akijibu maswali ya polisi kwa hiari, akanyamaza lilipofika swali moja zito. Ukimya wake ukatumika dhidi yake, na majaji watano kati ya tisa wakaona ni sawa, watatu kati yao wakieleza kwamba ni kwa sababu hakusema kwamba anatumia haki yake ya kunyamaza.

Wala msisubiri kusomewa haki zenu kama kwenye sinema. Kanuni hiyo ya mwaka 1966 inamhusu mtu aliyeshikiliwa na anayehojiwa. Ukienda kwa miguu yako na uko huru kutoka, hawalazimiki kukusomea chochote, na ulichosema kinatumika. Tena wanaruhusiwa kukwambia uongo, kwamba rafiki yako keshasema yote. Wewe usiseme uongo hata kidogo. Kunyamaza ni haki yako, ila kumdanganya askari kunaweza kukuzalia kosa jipya.

Simu yako wakitaka kuipekua, kwa kawaida wanahitaji hati ya mahakama. Wakikuomba uifungue, hilo ni ombi, na ombi hukataliwa. Chumba nacho vivyo hivyo, ingawa mkataba wa bweni huenda unawaruhusu wafanyakazi wa chuo kuingia kukagua.

Siwaambii mkae mbali na polisi katika kila jambo. Ukiwa umeumizwa, au mwenzako kaanguka, piga 911 hapohapo.

Mwenye viza ya masomo amtafute wakili anayejua mambo ya uhamiaji kabla ya kukubali kosa lolote, hata lile linaloonekana dogo. Vyuo vingi vina mawakili wa wanafunzi, ila mara nyingi hawawezi kukutetea dhidi ya chuo chenyewe. Na ofisi ya nidhamu ni njia nyingine kabisa: inaweza kukuadhibu hata kama polisi hawakukushtaki, na haihitaji ushahidi mzito kama wa mahakamani.

Hapo ndipo mpwa wangu alipoumia. Aliona haya, hakumwambia mama yake, hakuniambia mimi. Barua pepe ya ofisi ya nidhamu ilikaa wiki tatu bila kujibiwa, siku za kujitetea zikapita, akasimamishwa muhula mzima. Nipigieni, wanangu. Hata saa nane za usiku, nitapokea.