Barua kwa mwanangu: huyo mtu anajutia nini?

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Sisi huku hatujambo, na bibi yako kikohozi kimemwachia.

Insha yako juu ya hatia katika fasihi nimeisoma yote. Lugha imenyooka na mifano umeichagua vizuri, ila kuna sentensi moja sikubaliani nayo hata kidogo. Umeandika kwamba visa vya hatia vyote hupita njia ileile: mtu anakosa, dhamiri inamsuta, anakiri, anaadhibiwa, basi. Ungekuwa darasani kwangu ningekusimamisha hapohapo nikuulize: huyo mtu anajutia nini hasa?

Maana machozi yanaweza kuwa yaleyale. Mmoja analilia alichokitenda, mwingine analilia kwamba kimejulikana, na wa tatu anajililia mwenyewe, kwamba yeye aliyejiona mwema kumbe naye ameharibika. Ukiwauliza, wote watakwambia wanajuta. Mwandishi hodari hatuambii yupi ni yupi. Anatuachia tumwangalie mkosaji na kuona kama yule aliyemkosea anamjia machoni.

Anza na kisa ulichokisikia tangu chuoni kwa maalimu. Kabili amemuua Habili, hajui afanye nini na maiti, Mungu anamleta kunguru akiifukua ardhi kumwonyesha namna ya kuisitiri. Kabili analalamika kwamba ameshindwa hata kuwa kama kunguru, na Kurani, katika Sura ya Al-Maida, inasema akawa miongoni mwa wenye kujuta. Wako wafasiri waliosita hapo. Walisema majuto yake hayakuwa ya kuua, yalikuwa ya kushindwa kumsitiri nduguye. Ndugu yake amelala mbele yake hana uhai, na kinachomuuma ni kwamba ndege amemzidi maarifa! Mimi kila nikiifikia aya hiyo nasimama.

Sasa njoo kwa Raskolnikov, maana yeye ndiye uliyemtegemea sana, na ndiye aliyekuponyoka. Katika riwaya ile ya Dostoevsky ya mwaka 1866, Uhalifu na Adhabu, kijana huyu aliyeacha masomo anamuua kwa shoka bibi mkopeshaji wa fedha kwa rehani mjini Saint Petersburg. Hilo amelipanga. Ambalo hakulipanga ni Lizaveta, ndugu wa yule bibi, mwanamke mpole asiye na neno na mtu, ambaye anaingia ndani wakati damu bado mbichi. Anamuua naye. Wewe umeandika kwamba dhamiri inamtesa kijana tangu ukurasa ule. Tazama vizuri. Kitabu kizima anahangaika na yule bibi, na nadharia yake ya watu wakubwa walioruhusiwa kuvuka mipaka, na kama yeye ni mmoja wao au ni chawa tu. Kuna mahali anajishangaa mwenyewe: mbona Lizaveta simfikirii, kana kwamba sikumuua? Sentensi hiyo ni fupi, rahisi kuipita. Usiipite.

Kisha anakwenda kumwambia Sonya, msichana maskini mcha Mungu. Wakati Sonya anaanza kuelewa, ananyanyua mkono kwa hofu na kurudi nyuma, na Raskolnikov anauona uso wa Lizaveta katika uso wake, na mkono ule ule ulionyanyuliwa kujikinga shoka. Kwangu mimi hatia yake inaanza pale. Homa zote za kabla yake, na kuzimia kule kituo cha polisi, ni mwili wa mtu mwenye kuogopa.

Na kukiri kwake polisi hakukumaliza neno. Anahukumiwa miaka 8 ya kazi ngumu Siberia, na kule bado hajutii kuua. Kinachomchoma ni kwamba alishindwa na akajisalimisha. Chini ya mto wake ana Agano Jipya alilopewa na Sonya. Hajalifungua. Rudi nyuma utafute Sonya alilipata wapi, utakuta alipewa na Lizaveta. Dostoevsky hapigi kelele juu ya hilo. Mtu analalia kitabu kilichotoka mkononi mwa mwanamke aliyemuua, na anayepaswa kuligundua ni wewe msomaji.

Kwa mke wa Makbeth, katika tamthilia ya Shakespeare, nakusahihisha kidogo tu. Umefanya kama tunavyofundisha sote: anatembea usingizini, anasugua mikono, damu ya mfalme waliyemuua haitoki. Kweli. Lakini katikati ya kusugua anauliza: mkuu wa Fife alikuwa na mke, yuko wapi sasa? Mke huyo aliuawa na watu waliotumwa na Makbeth, pamoja na watoto wake. Basi huyu anayenawa si damu tu anayoiona, anamwona mwanamke mwenzake. Ndiyo maana namhurumia, na mumewe simhurumii kiasi hicho.

Nikupe na la hapa kwetu, ambalo nimelishuhudia. Unajua watu wakitaka kwenda Hija hupita kuomba radhi. Jirani mmoja alipita mlango kwa mlango hivyo: kama nimekukosea, nisamehe. Tukamjibu tumesamehe, nenda salama. Ni jambo jema, silidharau. Alipofika kwa mama muuza vitumbua akavuta kigoda akakaa. Nilikuwa nimesimama pale na bakuli langu. Akasema, mwaka ule mwanao alipotolewa kazini, mimi ndiye niliyepeleka maneno. Yule mama alikuwa na kijiti mkononi, anageuza. Aliacha kugeuza, vitumbua vikaungua upande mmoja, moshi ukatanda, naye hakushtuka. Hakusema amesamehe. Alimwambia, rudi kesho. Na yule mtu, ambaye siku zake za safari zilikuwa zimekaribia, akarudi.

Kwa hiyo nataka umwongeze Mugo kwenye insha, wa A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ya mwaka 1967. Kijiji kizima kinamwona shujaa. Kihika mpigania uhuru, ambaye Mugo ndiye aliyemsaliti, amekwisha nyongwa, lawama inakaribia kumwangukia mtu mwingine, na sherehe za uhuru wa Kenya wa Desemba 1963 zinamngoja yeye ahutubie. Angenyamaza, angekufa na heshima zake. Kabla ya kusimama mbele ya umati anamwambia kwanza Mumbi, dada yake Kihika, ana kwa ana. Utaratibu huo una maana. Ukiuandika vizuri, aya yako ya mwisho itajiandika yenyewe.

Nimebakisha mtu wetu, Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Machui, hapa hapa Tanga. Umesema katika Adili na Nduguze, ya mwaka 1952, hatia imepata adhabu inayoistahili. Hasidi na Mwivu kwa wivu wanamtosa ndugu yao Adili baharini. Huria, yule jini, anawageuza nyani. Na kila usiku Adili analazimika kuwachapa, huku moyo unamuuma kwa huruma. Mimi kipande hicho kinanisumbua tangu ujana wangu. Nyani hasemi. Viboko vinapigwa usiku hadi usiku, na hatusikii hata mara moja wale wawili wanajutia nini, ndugu waliyemtosa au sura ya kibinadamu waliyonyang'anywa. Anayeumia tukamwona ni yule aliyetoswa. Sheikh Shaaban alijua anachofanya, hilo sina shaka nalo, lakini si hilo uliloliandika wewe.

Basi zirudie kurasa za mwisho, pale mfalme Rai anapowaombea msamaha na wanarudia utu wao. Soma polepole, utafute ushahidi kwamba wamemwona Adili. Ukiupata niandikie, usipoupata pia niandikie, na insha usiipeleke kwa mwalimu wako kabla ya hapo. Tafsiri ya Makbeth ya Mushi, ile ya 1968, iko kabatini. Mjomba wako anakuja Dar wiki ijayo, nitampa akuletee pamoja na unga wa muhogo.

Mama yako akupendaye