Mradi wa Liganga usiisahau chokaa

Ndugu Mhariri,

Kila unapotajwa mradi wa chuma wa Liganga, wilayani Ludewa, mazungumzo huwa ya tani za mashapo, barabara na ajira. Naomba nafasi nizungumzie mavi ya chuma, lile tabaka la oksidi linaloelea juu ya chuma kilichoyeyuka, kwa kuwa usafi wa feleji, yaani chuma cha pua, hutegemea sana tabaka hilo.

Wengi huliona kuwa uchafu wa kutupwa, kumbe viwandani hutengenezwa kwa makusudi na kwa kipimo. Feleji ikiwa bado ya moto wa takriban nyuzi 1,600 za Selsiasi, hutiwa alumini ili inyonye oksijeni, na alumini hiyo hugeuka chembe ngumu za alumina ambazo zisipopanda juu na kumezwa, hubaki ndani na kuwa chanzo cha nyufa. Ili tabaka la juu lizimeze, lazima liwe na chokaa ya kutosha, litiririke vizuri, na lisiwe na oksidi nyingi ya chuma. Sharti hili la mwisho ndilo gumu zaidi: oksidi hiyo ikizidi asilimia chache tu, huirudishia feleji oksijeni iliyokwisha kuondolewa, chembe mpya zikazaliwa wakati zile za zamani bado zinapanda. Salfa nayo, uchafu mwingine wa feleji, haikubali kuhamia kwenye chokaa ikiwa oksijeni ni nyingi. (Mavi ya chuma yaliyoachwa na wahunzi wa kale wa Ufipa ni meusi na mazito kwa kuwa yamejaa oksidi ya chuma; kwa jembe la kufuliwa kwa nyundo hilo halikuwa tatizo.)

Mawe ya Liganga yana titani, ambayo huweza kuyafanya mavi ya chuma kuwa mazito kama uji na yasitiririke vizuri tanuruni, hivyo hesabu ya chokaa haiwezi kunakiliwa tu kutoka nchi nyingine. Tanuru za umeme za kuyeyushia vyuma chakavu nazo mara nyingi hujengwa kwa ukuta wa silika (madini ya mchanga). Chokaa huula ukuta huo, mafundi huikwepa, na salfa na fosforasi hubaki ndani ya nondo.

Mawe ya chokaa tunayo Songwe, na kiwanda cha saruji kinayatumia. Lakini chokaa ya kusafishia feleji si ile ya kupaka kuta: inatakiwa iwe na silika kidogo, iwe imechomwa karibuni, na isiguswe na unyevu, kwa sababu maji iliyonyonya huingiza haidrojeni katika chuma. Kwa masika yetu ya Mbeya, gunia lililowekwa chini ya bati linalovuja halifai tena.

Ningependa wahusika watueleze kama sampuli za chokaa zitapimwa sambamba na zile za mawe ya chuma, na ni tanuru la ukuta gani litakalochaguliwa, maana ndilo litakaloruhusu au kukataza chokaa hiyo kutumika.

Msomaji wenu,
Mbeya