Kile kipimo usikitoe kifuani

Kirumba, Mwanza
Jumapili usiku

Mwanangu,

Tangu jana ulipokata simu sijatulia. Umesema huko Grenoble, Ufaransa, mmepewa siku sita tu kwenye ule mtambo wa eksirei, kwa hiyo mtapokezana usiku na mchana. Ukacheka. Mimi nimefanya kazi chumba cha eksirei miaka 27, na makosa niliyoyaona mengi yalitokea saa tisa za usiku, mtu macho mazito, anataka amalize alale.

Kwa hiyo kile kipimo cha mionzi kivae kifuani, mama, usikitoe.

Najua utasema chumba chenu kina kuta za madini ya risasi, kwamba mnakikagua kwanza msimfungie mtu ndani, na mlango ukifunguliwa mwale wa eksirei unakatika wenyewe. Nakuamini. Lakini chuoni tulifundishwa habari za Clarence Dally, msaidizi wa Edison, yule mvumbuzi wa Marekani, aliyekuwa akijaribu mirija ya eksirei kwa mikono yake mwenyewe. Mikono ilikatwa, na mwaka 1904 akafa. Tangu Röntgen azigundue eksirei ilikuwa imepita miaka tisa tu.

Ile ya beseni na tone la mafuta, ya jinsi mnavyochunguza uso wa maji kwa eksirei, niliielewa, usidhani niliitikia tu. Mwale mnaulaza karibu sambamba na maji, pembe ya nyuzi 0.1 hivi, unaruka kama kijiwe bapa wanachorusha watoto pale mwaloni. Ndani ya maji unapenya nanomita chache tu, yaani sehemu chache za bilioni za mita. Ayoni, zile chembe za chumvi zenye chaji ya umeme, zilizojikusanya juu ndizo zinazong'aa, kila elementi kwa nishati yake, nanyi mnahesabu. Zilizo chini zaidi hazionekani. Juzi nimewaeleza wazee wenzangu kijiweni. Wakauliza, inasaidia nini? Nikawaambia vitabu vilifundisha miaka mingi kwamba chumvi hukimbia uso wa maji, kumbe ayoni za iodini, ndugu wa haya madini joto ya kwenye chumvi yetu, hupenda kukaa juu, na floridi ndizo zinazokwepa. Wakanyamaza wote. Nilitembea kurudi nyumbani kifua mbele.

Pamoja na hayo, kupiga simu mara moja kwa mwezi si malezi niliyokupa. Mama yako hasemi, ila simu anailaza chini ya mto.

Kuhusu kipimo: vyetu vilikuwa vinapelekwa Arusha kusomwa. Changu kilikuwa kinarudi na usomaji mdogo kuliko wa wenzangu wote, na mkubwa wa kazi akanisifu. Kilikuwa kinalala kwenye droo. Kikisoma juu ungeondolewa chumbani, na posho ya chumbani ndiyo ilikuwa ada yenu. Ule mstari mweusi kwenye kucha ya kidole gumba, ulioniuliza ukiwa darasa la nne nikakujibu ni mlango wa gari, haukuwa mlango wa gari. Nilikuwa nawashikilia watoto wadogo watulie, bila glavu. Sijamuuliza daktari, na wewe usimwambie mama yako.

Kivae hata ukienda kunywa chai. Na usiku wa tatu ukiona unasoma namba ileile mara mbili, mwamshe mwenzako. Usione aibu.

Huku dagaa wamekuwa wachache, mbalamwezi imekuwa kali wiki nzima na mitumbwi haitoki. Mama yako amebaki na magunia mawili. Hela uliyotuma nimenunua bati sita za jikoni. Fundi amekuja mara moja, amekula, ameondoka na misumari. Mdogo wako anataka pikipiki, nimemwambia asubiri. Ukizungumza naye, mwambie vivyo hivyo, maana wewe anakusikia. Gata la nyuma nitalifunga mwenyewe kabla ya vuli.

Mama yako anauliza kama huko unga wa ugali unapatikana.

Ukianza kazi tuma picha. Si ya milima, hiyo nimeiona. Ya kifua chako, kipimo kikiwa kimebanwa kwenye koti.

Baba yako