Mama amenirudishia hela ya chai

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Ninakuandikia saa tisa usiku, baba watoto amelala, na simu iko mezani mbele yangu ikiwa na ujumbe ambao nimeusoma hata nimeukariri: nimepokea shilingi 90,000 kutoka kwa mama yangu mzazi. Hakupiga kabla ya kutuma wala baada ya kutuma, na nilipompigia mimi alisema mtandao unakatakata, akaniaga kwa maneno yale yale aliyoniambia Jumamosi pale hotelini: "Asante, bosi."

Naomba nieleze tangu mwanzo, maana mdogo wangu ameshanihukumu bila kunisikiliza na sipendi nawe uanzie hapo alipoanzia yeye. Mimi ni mtumishi. Nilikuja Dodoma pamoja na ofisi, serikali ilipoanza kuhamia huku, na wote tuliokuja kipindi kile tunakumbuka tulivyoanza, na vumbi lile, na maji ya mgawo, na wenye nyumba waliokuwa wakipandisha kodi kila wakituona tumenunua kiti. Sasa nimetulia. Sijawahi kumsahau mama hata mwezi mmoja. Unga, dawa za presha, mabati ya jiko, vyote vimetoka kwangu. Aliuza mbuzi kumi na mmoja mpaka nikamaliza kidato cha sita, na ukiniuliza nitakutajia kila mmoja na rangi yake. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba simthamini.

Wazo la chai lilitokana na babu. Bila shaka unaufahamu ule mradi wa karanga wa Waingereza pale Kongwa, ulioanza mwaka 1947 ukafa mwaka 1951, baada ya mashine zao kushindana na mibuyu, mvua kukosekana, na udongo kukauka ukawa kama saruji. Babu, yaani baba yake mama, alifanya kazi ya ndani kwa familia moja ya wakubwa wa mradi huo. Kila ilipofika saa kumi jioni alipeleka sinia la chai barazani, kisha akasimama karibu na mlango mpaka wamalize kunywa. Mama alikuwa hajazaliwa, lakini alisimuliwa, naye akatusimulia sisi, tena kwa kuigiza: alichukua mfuniko wa sufuria, akauweka juu ya kiganja, akatembea kwa madaha kutoka jikoni hadi kwenye mkeka, nasi tulicheka mpaka tukalala chini. Nikawaza kwamba ipo siku nitamkalisha mama pale ambapo babu alisimama. Je, hilo ni kosa?

Nikasikia kwamba kuna hoteli hapa mjini inayoandaa chai ya jioni ya Kiingereza, shilingi 45,000 kwa mtu mmoja. Nikamtumia nauli. Akashuka stendi na kuku wawili na kifuko cha karanga, amevaa kitenge chake cha kwaya ya akina mama na viatu vya kanisani, na alikuwa amependeza, Shangazi, sikuona haya hata kidogo kuingia naye mle ndani. Nalisema hilo kwa sababu mdogo wangu anadai kwamba niliona haya.

Wakatuletea sahani tatu zilizopandana kama ghorofa kwenye mti mmoja wa chuma. Chini kulikuwa na sandwichi za matango zilizokatwa vipande vyembamba vya vidole na kuondolewa maganda ya mkate, katikati skonzi pamoja na jemu na krimu nzito, juu keki ndogondogo. Nilikuwa nimetazama video usiku uliotangulia, nikamweleza mama kwamba huanziwa chini kwenda juu. Yeye akaanzia juu. Sikusema kitu. Akashika skonzi, akaigonga kidogo pembeni mwa sahani, akaniuliza kama imelala, kwa kuwa skonzi anayoijua yeye ni ile laini ya dukani. Alipoambiwa kwamba majani ya chai yametoka Sri Lanka akauliza kama Mufindi wameacha kulima. Nilicheka, ingawa naona sasa kwamba nilicheka peke yangu.

Nikamsimulia pia asili ya ile chai, jinsi mwanamke mmoja mkubwa wa Uingereza aitwaye Anna, mke wa mwenye cheo cha Duke wa Bedford, alivyoianzisha miaka ya 1840 kwa sababu chakula cha usiku kilichelewa na njaa ilimshika jioni. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Huyo mama alikuwa anajipikia?" Nikamjibu kwamba sidhani. Akanyamaza, akaendelea kupuliza chai yake.

Kijana aliyetuhudumia alisalimiwa na mama kwa Kigogo, "Mbukwa," naye akaitikia, kumbe ni mtoto wa vijiji vya jirani na kwetu. Kuanzia hapo mimi nilikuwa kama sipo. Wakaulizana habari za mvua, za mtama, za nani amezikwa wapi. Mama akamkatia kipande cha keki, kijana akakataa kwa adabu akisema hawaruhusiwi kula mbele ya wageni, mama akakifunga kwenye karatasi akamtilia mfukoni. Watu wa meza ya pili walikuwa wanatazama, na mmoja wao ninafanya naye kazi jengo moja. Baadaye yule kijana alipokuja kuondoa vyombo, mama aliinuka, akapanga vikombe juu ya sinia, akalinyanyua, akaanza kwenda nalo upande wa jikoni. Nilimwambia akae. Hesabu ilipoletwa aliivuta karatasi upande wake, akasoma, akatoa miwani, akaivaa tena akasoma. Hakusema chochote mpaka tulipofika kwenye gari, ndipo akasema, "Asante, bosi."

Hilo ndilo linaloniuma. Mimi ni mtoto wake. Nyumbani huniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, na akifurahi huniita "yaya", jina la mama yake nililorithi. Hakuna hata siku moja amewahi kuniita bosi. Mtu anakutengea siku nzima, anakulipia, anakuendesha, nawe unamjibu kama mfanyakazi anayepokea mshahara. Na sasa hela imerudi, yote, pamoja na sehemu yangu niliyokunywa mimi. Mdogo wangu, ambaye anakaa naye, ameniambia kwamba mama ameuza mbuzi. Kwa hiyo wamefika kumi na wawili, na huyu wa mwisho amekwenda kulipia matango.

Ninasema nilimwambia akae. Nilipoandika barua hii mara ya kwanza niliishia hapo nikaona imekamilika, nikaenda kulala, usingizi haukuja. Ukweli ni kwamba nilisema: "Mama, weka chini hilo sinia, hiyo ni kazi ya boi." Nilisema kwa sauti ya chini, nikitazama meza ya pili. Nilimkusudia yule kijana, tena simchukii yule kijana. Neno lilitoka tu. Lakini babu aliitwa hivyo na wale watu kwa miaka yote, hawakujishughulisha na jina lake, na pale kijijini wapo wazee waliomwita Mzee Boi hadi tunamzika. Mama hakugeuka niliposema. Alisimama kidogo na sinia mikononi, labda kwa sababu lilikuwa zito, kisha akaenda nalo mpaka mlangoni ndipo akalikabidhi.

Baba watoto, ambaye sijamweleza sehemu hiyo, ananishauri niichukue hela ninyamaze, kwamba wazee wana njia zao na baada ya mavuno atakuwa amesahau. Mdogo wangu nimemuuliza kwa kuzunguka kama mama alisimulia lolote kuhusu yule kijana, akanijibu, "Muulize mwenyewe." Huo nao ni ujeuri, na ningependa siku moja uandike kuhusu wadogo wanaojifanya wao ndio wana mama.

Shangazi, sitaki kuambiwa niombe radhi, kwa sababu nimeshaomba radhi nyingi katika familia hii kwa makosa ya kufanikiwa. Sitaki pia kumrudishia ile hela, maana ataituma tena na atauza mwingine. Bado iko kwenye simu, sijaitoa. Jumatano mama anakuja hospitali kutazamwa macho, na atalala kwangu, kwa sababu hata akikasirika hawezi kulala kwa mtu mwingine mimi nikiwepo mjini. Saa kumi jioni itafika na nitapaswa kumtengea chai. Nimenunua maziwa, nitayachemshia pamoja na majani na tangawizi kama anavyofanya yeye, na maandazi nitapika mwenyewe, dada wa kazi nitampa ruhusa aende kwao siku hiyo.

Ninachotaka kujua ni hiki kimoja. Kama mama alilisikia lile neno, basi "bosi" yake naielewa, na mbuzi wake naye namwelewa. Lakini kama hakulisikia, kama alichukizwa na bei tu, kama ilivyo kwa mama yeyote wa Kongwa anayejua mbuzi anavyokuzwa, je, nilitaje mimi mwenyewe, mbele yake, nyumbani kwangu?

Ni mimi msomaji wako,
Dodoma