Wanafunzi wapange video ya wimbo kabla ya kukodi kamera

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wanafunzi wa vyuo vya Mbeya na Iringa wanaosomea habari, sanaa na utengenezaji wa video, pamoja na wakufunzi wao, kuhusu jambo linalopoteza fedha za wazazi kila mwaka, nalo ni mwanafunzi kukodi kamera kabla hajajua atapiga nini. Mimi ni mpigapicha wa video hapa Mbeya, na wanafunzi huja kwangu kukodi vifaa vya kazi zao za vitendo, hasa wanapotakiwa kutengeneza video ya wimbo. Swali lao la kwanza karibu siku zote ni bei ya kamera kwa siku. Wachache sana hufika na karatasi inayoonyesha wimbo umegawanywaje, nani ataonekana wapi, na mvua ikinyesha watahamia wapi.

Siwalaumu vijana peke yao, kwa sababu alama za kazi hiyo hutolewa kwa kuitazama video iliyokamilika, na mwanafunzi husoma kile kinachotahiniwa. Ninachopendekeza ni kwamba matayarisho yapewe alama zake, tena yasahihishwe kabla ya siku ya kupiga, na kundi ambalo halijaleta mpango wake kwa mkufunzi lisiruhusiwe kukodi wala kuazima kamera ya chuo.

Tuchukue wimbo wa dakika tatu na nusu, ambao ni sekunde 210. Picha moja ikikaa kwenye kioo kwa wastani wa sekunde tatu, video nzima itahitaji vipande 70. Kila kipande kikipewa dakika kumi za kupanga mwanga, kumweka mwimbaji mahali pake na kurudia alipokosea, jumla ni dakika 700, yaani karibu saa 12 bila kula wala kuhama, wakati mchana wa mwezi wa Juni katika nyanda hizi haufiki saa 12. Kundi lililopiga hesabu hiyo mezani litaamua mapema kwamba mwimbaji ataimba wimbo mzima mara kadhaa katika kila eneo, kamera ikiwa mbali, kisha katikati, kisha karibu na uso, na vipande vitakatwa wakati wa kuhariri. Litaamua pia kwamba maeneo yawe mawili badala ya sita. Kundi ambalo halikuipiga hukutana nayo saa tisa alasiri, likiwa limemaliza beti ya kwanza tu.

Karatasi bora niliyopata kuiona ililetwa na binti mmoja wa stashahada, naye alitumia daftari la kawaida la mistari. Safu ya kushoto ilikuwa na sekunde, ya pili maneno ya wimbo, ya tatu michoro ya kalamu ya wino ambayo watu wake walikuwa vijiti vyenye vichwa, na ya nne mavazi. Penye kiitikio cha pili, ambacho alikusudia kukipiga karibu na mashamba ya chai ya Rungwe, alikuwa ameandika: "kitenge cha njano, si cha kijani, nyuma kuna chai". Maneno hayo machache yalimwokoa mwimbaji wake asimezwe na majani, na hayakumgharimu hata shilingi moja. Michoro haikuwa mizuri, lakini haikutakiwa kuwa mizuri.

Nyanda za juu zina masharti yake, na hapa ndipo ratiba zilizonakiliwa kutoka kwa watengenezaji wa Dar es Salaam zinapowaangusha wanafunzi wetu. Mwezi wa Juni jua huchomoza Mbeya karibu saa moja kamili asubuhi, takriban nusu saa baada ya kuchomoza Dar es Salaam, kwa kuwa sisi tuko magharibi zaidi ilhali saa zetu ni zile zile. Na penye mlima upande wa mashariki mwanga huchelewa kufika bondeni. Anayewaamuru wachezaji wawe wamevaa na kupakwa poda saa kumi na mbili kamili anawatesa kwa baridi bila faida. Jioni, kwa upande mwingine, mwanga laini hudumu hadi baada ya saa kumi na mbili, na katika msimu huo jua letu huzama baadaye kidogo kuliko la wenzetu wa pwani. Mwezi wa Oktoba na mwishoni mwa Februari hali ni tofauti, kwani jua la mchana hupita karibu na utosi na kuweka vivuli vizito chini ya nyusi, kiasi kwamba kati ya saa tano na saa nane ni afadhali watu wale chakula au wapige picha za kivulini.

Baridi nayo ina mambo yake. Betri huisha haraka kuliko ilivyoandikwa kwenye kasha, kwa hiyo za akiba hukaa ndani ya koti, karibu na mwili. Kamera iliyolala kwenye ubaridi ikiingizwa ghafla kwenye chumba chenye joto na watu wengi hupata ukungu kwenye lenzi, na dawa yake ni kuiacha ndani ya begi lililofungwa mpaka izoee, wala si kuifuta kwa shati. Tena kuna jambo la kuchekesha kidogo: nimeona video ambayo kijana anaimba juu ya joto la ufukweni akiwa amevaa fulana bila mikono, na kila anapofungua kinywa mvuke unatoka. Aliyetaka ufukwe angeshuka Matema, kwenye Ziwa Nyasa, ambako ni chini kuliko Jiji la Mbeya kwa zaidi ya mita elfu moja na joto lipo la kutosha, lakini safari hiyo ilipaswa kuwa kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kuhusu maeneo, kila kundi linataka Kitulo. Hifadhi hiyo iliyotangazwa kuwa ya taifa mwaka 2005 inasifiwa kwa maua, na wanafunzi huiona mtandaoni ikiwa imechanua, wakaipangia mwezi wa Julai kwa kuwa hakuna mvua. Maua ya Kitulo huchanua katika miezi ya mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi karibu Aprili. Anayekwenda Julai hukuta nyasi kavu na asubuhi yenye jalidi, na anayekwenda Februari hupata maua pamoja na matope ya barabara za kule juu. Vyote viwili vinaweza kutengeneza video nzuri, mradi wimbo uendane navyo na mtengenezaji awe amechagua kwa kujua. Isitoshe, kupiga picha za namna hiyo ndani ya hifadhi za taifa kunahitaji kibali na malipo kwa TANAPA, shirika linalosimamia hifadhi hizo, na Isimila, karibu na Iringa, ni eneo la mambo ya kale lenye utaratibu wake. Mwalimu wa somo akiyajua haya, atawashauri watumie vilima vya kawaida vya Uyole au mashamba ya Mufindi ambako idhini ya mwenye shamba na mtendaji wa kijiji au mtaa inatosha kuanzia.

Niruhusu nikae kidogo kwenye suala la wimbo wenyewe, kwa sababu ndilo linalosahaulika kuliko yote. Video ya wimbo hupigwa huku wimbo ukichezwa kwa sauti, ili midomo ya mwimbaji ifuate kile kilichorekodiwa studio. Simu haitoshi kwa kazi hiyo. Upepo wa Uyole ukivuma, mwimbaji aliye hatua ishirini kutoka kwenye simu hasikii mdundo, anakisia, na midomo inapishana na sauti. Inatakiwa spika yenye betri, na wimbo uliowekwa ndani yake uwe toleo la mwisho, si lile la majaribio, kwa sababu prodyuza akiongeza kasi kidogo baada ya siku ya kupiga, picha zote za kuimba zitakuwa zimeharibika. Mwanzoni mwa faili ziwekwe bipu tatu, yaani milio mifupi, na maikrofoni ya kamera isizimwe hata kama sauti yake haitatumika, kwani bipu hizo ndizo zitakazomwongoza mhariri kulinganisha picha na sauti ya studio.

Wale wanaopenda mwendo wa polepole wana kazi zaidi. Picha zikipigwa fremu (picha moja moja) 50 kwa sekunde na kuonyeshwa fremu 25, kila kitu hupungua kasi kwa nusu, midomo ikiwemo. Ili mwimbaji aonekane anaimba sawasawa huku nywele na kitambaa vikielea, wimbo lazima uchezwe kwa kasi maradufu wakati wa kupiga, na yeye aimbe kwa kasi hiyo; wimbo wa dakika nne utaisha kwa dakika mbili. Hakuna anayeweza kufanya hivyo papo kwa papo. Faili la kasi hiyo litengenezwe mapema na mwimbaji alifanyie mazoezi nyumbani, hata majirani wakimcheka. Na wanaopigia ndani ya ukumbi wa chuo wakumbuke kwamba umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga wa kila picha, ya sekunde 1/50 au 1/100 huzuia taa za tyubu zisimemeteke kwenye picha.

Katika hili kwaya za makanisa ya hapa Mbeya zimewatangulia wanafunzi wengi. Kwaya huwa imefanya mazoezi ya hatua na ya kuimba pamoja na kanda kwa wiki nyingi, sare zimepigwa pasi, kila mtu anajua mstari wake, na mpigapicha anapofika kinachobaki ni kupiga. Sijui kwa nini vyuo havijawaalika walimu wa kwaya waje waeleze wanavyojipanga.

Vibali ni sehemu inayochosha, lakini haikwepeki. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, husimamia shughuli za sanaa na wasanii. Bodi ya Filamu inatokana na Sheria Na. 4 ya mwaka 1976. COSOTA inahusika na hakimiliki chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 1999. Na ndege isiyo na rubani hairushwi bila kufuata kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Mwanafunzi hatakiwi kuwa mwanasheria, ila anatakiwa kujua kwamba wimbo wa msanii maarufu si wake kwa sababu tu anaupenda, na kwamba njia nyepesi ni kutumia wimbo wa mwanafunzi mwenzake kwa maandishi yaliyotiwa saini na mtunzi, mwimbaji na prodyuza. Watakaoonekana kwenye video nao wasaini, na penye mtoto asaini mzazi au mlezi.

Reli ya TAZARA siwezi kuipita kimya. Vijana hupenda kusimama katikati ya reli kwa sababu inapendeza kwenye kioo, na hufanya hivyo bila kuuliza stesheni wala kujua treni ya mizigo inapita lini, huku spika ikipiga muziki kwa sauti ambayo ingewazuia kusikia honi. Mkufunzi anayesahihisha mpango kabla ya siku ya kupiga angeikata picha hiyo kwa kalamu nyekundu, au angewataka walete barua ya ruhusa kutoka kwa wenye reli. Vivyo hivyo kwa mpigapicha anayekaa nyuma ya bodaboda akiangalia kinyumenyume kwenye barabara kuu ya kwenda Tunduma, katikati ya malori.

Mabinti wanaocheza katika video hizi waambiwe mapema watavaa nini, watabadilishia wapi na watarudije hosteli giza likiingia. Chakula kiwepo. Wali na maharage ya saa saba huokoa picha nyingi kuliko lenzi ya gharama.

Hayo yote hayatawezekana ikiwa kalenda itabaki kama ilivyo. Katika baadhi ya vyuo kazi ya vitendo huangukia mwishoni mwa muhula wa kwanza, ambao ni Februari, wakati mvua za nyanda za juu zimeshika na Tukuyu haikauki. Ikihamishiwa mwezi wa Mei na Juni, wanafunzi watapata anga safi, milima ikiwa bado na ukijani, kabla ya vumbi na moshi wa kuchoma mashamba unaofunika mabonde Septemba na Oktoba, na muhula wote wa kwanza utabaki kwa ajili ya kuandika, kuchora, kutembelea maeneo na kufuatilia vibali. Naomba wakuu wa idara walifikirie hilo wanapopanga ratiba ya mwaka ujao wa masomo, na maafisa utamaduni wa halmashauri zetu, kuanzia Jiji la Mbeya na Rungwe hadi Mufindi na Manispaa ya Iringa, waandae fomu moja fupi kwa ajili ya wanafunzi, inayoeleza ni ofisi ipi inahusika na eneo lipi. Kwa upande wetu tunaokodisha vifaa, hakuna kinachotuzuia kudai kuuona mpango wa kazi kabla ya kupokea malipo, nami nimeanza kufanya hivyo muhula huu.

Mpigapicha wa video,
Uyole, Mbeya.